Jinsi ya Kununua na Kutunza Bango la Kale la Meli ya Abiria Bila Kuuziwa Nakala

Malalamiko ya wakusanyaji wapya yanafanana kiasi kwamba naweza kuyamalizia kabla mwenyewe hajafika mwisho. Aliona bango la Normandie au la Queen Mary, likamvutia, akalipa bei ya bango halisi, na siku lilipotandazwa mezani likawa nakala iliyochapwa juzi. Karibu kila mara kosa huwa lile lile: mnunuzi alitazama picha akaisahau karatasi. Picha ndiyo iliyo rahisi kuliko vyote kuigwa, ilhali karatasi, wino na vipimo humshinda mwigaji. Kwa sababu hiyo, hatua zilizo hapa chini zinakwenda kinyume na tamaa ya jicho: uzuri wa mchoro haumo kabisa katika ukaguzi.

## Vitu vya kuandaa

- Lenzi ndogo ya kukuzia mara 10, kama ile wanayotumia masonara.
- Utepe wa kupimia wenye sentimita na inchi.
- Tochi ndogo yenye mwanga mkali.
- Taa ya mionzi ya urujuanimno, ikiwezekana ya nanomita 365.
- Penseli laini na daftari. Kalamu ya wino isikaribie meza ya kazi.
- Meza pana iliyofutwa vumbi, iliyotandikwa karatasi safi isiyo na asidi.
- Mikono iliyooshwa na kukaushwa vizuri. Glavu za pamba sizipendekezi, kwa sababu hupunguza hisia za vidole na hunasa kwenye kingo zilizochanika.

## Hatua ya 1: Jiwekee eneo dogo

Chagua kampuni moja, msanii mmoja, au njia moja ya safari, na ukae hapo kwa miezi kadhaa kabla ya kununua chochote. Unaweza kuanza na kazi za Kenneth Shoesmith, aliyezichorea kampuni za meli za Royal Mail na Cunard hadi alipofariki mwaka 1939. Au na mabango ya Holland-America Line. Au na yale ya Union-Castle, ambayo meli zake zilitoka Southampton kwenda Cape Town. Sababu ni kwamba anayejua mabango 20 kwa undani ni vigumu kumdanganya katika hayo 20, ilhali anayeyajua 500 kwa juu juu hudanganywa katika yote.

Tumia kumbukumbu za makumbusho na za nyumba za mnada. Victoria and Albert Museum ya London huandika vipimo na mbinu ya uchapaji ya vitu vilivyomo katika orodha yake, na nyumba kama Swann ya New York na Christie's huweka wazi matokeo ya minada iliyopita pamoja na picha.

Onyo moja linatosha hapa. Titanic ilizama Aprili 1912 katika safari yake ya kwanza, kwa hiyo muda wa kuitangaza ulikuwa mfupi sana, na mabango yake halisi ni adimu mno, huku nakala zake zikijaa kila mahali. Ukiletewa bango la Titanic, lichukulie kuwa nakala mpaka mtaalamu aseme vinginevyo.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kuandika, bila kuchungulia popote, vipimo, mchapaji na mwaka wa mabango kumi ya eneo lako.

## Hatua ya 2: Pima kabla ya kupenda

Wachapaji wa zamani walifuata vipimo vya karatasi vya nchi zao. Mabango mengi ya Uingereza yalikuwa inchi 25 kwa 40, yaani takriban sentimita 63.5 kwa 101.6, na makubwa zaidi yalikuwa inchi 50 kwa 40. Ya Ufaransa mara nyingi hukaribia sentimita 62 kwa 100. Ya Italia hupatikana kwa wingi katika 70 kwa 100 na 100 kwa 140.

Nakala za kisasa, kwa upande wake, hukatwa zitoshe fremu za dukani: sentimita 61 kwa 91.5, au 50 kwa 70. Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalioni. Bango la 62 kwa 100 lina urefu wa karibu mara 1.6 ya upana wake, na fremu ya 61 kwa 91.5 ina urefu wa mara 1.5 tu. Mwigaji hana budi kukata kipande cha juu au cha chini, au kuongeza ukanda mweupe pembeni. Linganisha na picha ya makumbusho: je, bahari iliyo chini ya omo, yaani sehemu ya mbele ya meli, ina kina kile kile? Je, anga iliyo juu ya dohani imepungua?

Tahadhari ni mbili. Kwanza, ikiwa bango limebandikwa kwenye kitambaa, pima karatasi yenyewe, usipime kitambaa. Pili, tofauti ya sentimita moja au mbili haithibitishi uigaji, kwa sababu mabango mengi yalipunguzwa kingo na wenye fremu wasio na huruma. Vipimo vya mfululizo wa A (kama A4 ya leo) navyo visikupe uhakika wa haraka kwamba ni nakala, maana Ujerumani ilianza kuvitumia katika miaka ya 1920, na bango halisi la Hamburg linaweza kuwa na sentimita 59.4 kwa 84.1 kamili.

## Hatua ya 3: Soma maandishi madogo ya ukingoni

Kwenye ukingo wa chini, wakati mwingine kwa herufi ndogo kuliko punje ya mchele, bango halisi kwa kawaida hubeba jina la mchapaji na mji wake. Mabango ya msanii Cassandre ya L'Atlantique ya 1931 na Normandie ya 1935 yalichapwa na Alliance Graphique ya Paris. Ya makampuni ya Genova mara nyingi hubeba jina Barabino & Graeve. Nakala nyingi hukosa mstari huu kwa sababu ulikatwa, au huubadilisha kwa jina la kampuni ya sasa, anwani ya tovuti, au alama ya hakimiliki yenye mwaka wa karibuni.

Baada ya hapo, fanya majina ya kampuni na meli yawe kalenda yako. Cunard na White Star ziliungana mwaka 1934. Bango lenye jina Cunard White Star haliwezi kuwa la mwaka 1928, hata muuzaji aape. Berengaria ilikuwa meli ya Kijerumani iliyoitwa Imperator, na ilipata jina hilo jipya baada tu ya Vita Kuu ya Kwanza ilipokwenda Cunard. Bremen ilianza safari mwaka 1929, Rex na Conte di Savoia mwaka 1932, Normandie tarehe 29 Mei 1935, na Queen Mary Mei 1936. Queen Elizabeth haikubeba abiria wa kawaida hadi 1946, kwa hiyo bango linaloitangaza ratiba yake pamoja na bei za 1941 ni kichekesho.

Usiogope ukiona nafasi tupu chini ya picha, au maandishi ya chini yaliyochapwa kwa wino tofauti na mengine. Kampuni zilikuwa zikiacha nafasi hiyo ili wakala wa kila mji achape jina lake na tarehe za safari. Wanaoanza huiona wakadhani ni kasoro, ilhali kwangu ni moja ya vitu vinavyolipatia bango uhai.

Umefaulu ikiwa mchapaji, kampuni, meli na mwaka vyote vinakaa pamoja bila ugomvi. Kimoja kikikataa, simama hapo hapo uulize.

## Hatua ya 4: Weka lenzi

Hapa ndipo mambo mengi huamuliwa, na hapa ndipo watu hukosea kwa njia mbili: wengine hawaangalii kabisa, na wengine huangalia, wakaona nukta, wakaliacha bango halisi liende kwa mwingine.

Mabango mengi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili yalichapwa kwa litografia. Fundi alichora kila rangi peke yake juu ya jiwe au bamba la zinki, kisha karatasi ikapita mashineni mara moja kwa kila rangi. Ndiyo maana ukiweka lenzi juu ya anga la buluu unakuta buluu tupu, iliyotandazwa kama rangi ya ukutani, na pale rangi mbili zinapokutana utaona moja imepanda kidogo juu ya mwenzake na kuzaa ukingo mwembamba wa rangi ya tatu.

Nakala ya ofseti, yaani iliyochapwa kwa mashine kutoka kwenye picha ya kamera, huonyesha kitu tofauti kabisa: nukta za samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi, zimejipanga kwa safu na kukusanyika kama petali za ua. Nakala iliyotoka kwenye printa ya wino wa kunyunyiza haina safu hizo. Huwa na ukungu wa matone madogo mno, na hata sehemu ya kijivu ukiikuza unakuta ni mchanganyiko wa matone ya rangi tatu au nne.

Mtego ni huu. Mafundi wa litografia nao walitumia mnyunyizo wa wino kupata kivuli kinachofifia taratibu. Tazama ubavu wa meli katika bango la Normandie: weusi wa omo unayeyuka kuelekea kwenye mwanga, na chini kabisa, karibu na maji, kuna ndege wadogo weupe wanaokufanya uhisi ukubwa wa chombo kile. Ukiuweka ubavu huo chini ya lenzi utaona punje nyingi. Lakini zitazame moja moja. Kila punje ni ya wino mmoja uliojaa, ina ukingo mkali, na hakuna mbili zinazolingana kwa ukubwa wala zinazokaa kwenye mstari. Punje za namna hiyo ni kazi ya mkono. Nukta zilizolingana zikajipanga ni kazi ya kamera.

Ukibaki na shaka, hamia kwenye herufi. Katika litografia, herufi ni wino mtupu wenye kingo safi. Katika nakala, herufi zilipigwa picha pamoja na kila kitu, na kwa hiyo mara nyingi hata mguu wa herufi N huwa umejengwa kwa nukta na kuzungukwa na pindo la rangi. Mimi siku hizi huanza na herufi kabla ya kugusa mchoro, na mara nyingi sihitaji kuendelea.

Onyo: kanuni hii inadhoofika kwa meli za baada ya vita. Katika miaka ya 1950 mabango mengi halali yalichapwa kwa ofseti, mengine yakitumia picha za kamera. Bango la meli iitwayo United States, iliyoanza safari mwaka 1952, linaweza kuwa na nukta na bado likawa halisi. Hapo tegemea zaidi vipimo, mchapaji na karatasi.

## Hatua ya 5: Gusa, geuza, umulike

Bango la kwanza nililolilipia bei ya halisi lilikuwa na mikunjo minne ya rangi ya kahawia, pembe iliyochanika, na doa la unyevu lililosambaa kama ramani. Kila kitu kilionekana kuzeeka vizuri. Nilipolifikisha nyumbani nikapitisha kidole juu ya mkunjo, kidole kikateleza bila kugusa chochote. Mkunjo ulikuwa umechapwa. Nilipotazama tena nikaona kivuli cha mpasuko kimeangukia kulia, kana kwamba mwanga ulitoka kushoto, ilhali dirisha langu lilikuwa upande wa kulia. Nilikuwa nimenunua picha ya bango lililozeeka.

Kwa hiyo kila mkunjo, mpasuko na doa lazima vithibitishwe kwa kidole na kwa tochi. Laza tochi karibu na meza ili mwanga upite juu ya karatasi kwa pembeni. Mikunjo ya kweli itatoa mgongo na kivuli kinachohama ukiihamisha tochi.

Kisha geuza bango, kama halijabandikwa. Karatasi ya zamani ya mabango ilikuwa nyembamba na haikung'aa, kwa sababu ilikusudiwa kubandikwa ukutani kwa wiki chache tu. Nyuma yake huwa na manjano yasiyo sawasawa, yaliyokolea zaidi kingoni hewa ilipofika, na mara nyingi picha huonekana kwa mbali kutoka upande wa pili. Nyuma nyeupe, nzito na laini kama kadi ni dalili mbaya. Nyuma yenye manjano yaliyolingana kila mahali ni mbaya zaidi, maana huenda imepakwa chai.

Ukikuta maandishi ya habari nyuma, una ukurasa uliokatwa kwenye gazeti au jarida. Huo ni tangazo halisi la wakati ule na una thamani yake ndogo, lakini si bango.

## Hatua ya 6: Zima taa, washa urujuanimno

Kemikali za kung'arisha karatasi zilianza kuenea viwandani karibu na mwaka 1950. Chini ya mionzi ya urujuanimno karatasi yenye kemikali hizo hutoa mng'ao wa buluu-nyeupe, kama shati jipya lililofuliwa kwa sabuni ya unga, huku karatasi ya mwaka 1930 ikibaki imefifia, ya rangi ya maziwa au kahawia. Bango linalodaiwa kuwa la 1931 likiwaka kama balbu, mazungumzo yamekwisha.

Usiitazame taa yenyewe kwa macho. Usihukumu pia kwa kung'aa kwa kitambaa cha nyuma, kwa sababu kitambaa kinaweza kuwa kipya na bango likawa la kale. Na kutong'aa si ushahidi kamili, kwani zipo karatasi za kisasa zisizotiwa kemikali hizo. Faida ya ziada ni kwamba sehemu zilizopakwa rangi upya na mrekebishaji huonekana tofauti na wino wa jirani yake, na utaziona kabla muuzaji hajazitaja.

## Hatua ya 7: Pima hali yake

Wauzaji hutumia herufi: A ni bango zuri lenye kasoro ndogo au lisilo na kasoro, B lina kasoro zinazoonekana lakini hazivurugi picha, C limeharibika wazi, na D limechakaa. Herufi hizo hupewa na mtu mwenye haja ya kuuza, kwa hiyo zichukulie kama maoni.

Kubandikwa kwenye kitambaa cha pamba kusikutishe. Ikiwa kazi ilifanywa na fundi, kwa gundi ya wanga na karatasi ya kati inayotenganisha, inaweza kubanduliwa tena bila madhara, na bango hupata nguvu. Ninachokikataa mimi ni bango lililogandishwa kwa joto kwenye ubao, au lililofunikwa kwa plastiki, kwa kuwa kulitoa humo bila kuliumiza ni kazi ya gharama na mara nyingi haiwezekani. Selotepu ya zamani nayo usiivute mwenyewe. Mwachie mhifadhi wa karatasi.

Sehemu ya kasoro ina uzito kuliko ukubwa wake. Mpasuko wa sentimita tano kwenye pambizo hausumbui, lakini tundu dogo kwenye jina la meli au kwenye dohani hulishusha bango daraja zima.

## Hatua ya 8: Muulize muuzaji, kisha piga hesabu

Kama unanunua kwa mbali, omba picha ya nyuma, ya pembe zote nne, ya mstari wa mchapaji, na moja iliyopigwa kupitia lenzi juu ya herufi. Muulize kwa maandishi: je, hili ni chapa ya wakati ule, na utalirudisha likithibitika si hivyo? Jibu la "naamini ni la zamani" si jibu. Muuzaji anayekataa picha ya lenzi anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Katika mnada, bei iliyogongewa nyundo si utakayolipa. Nyumba nyingi huongeza ada ya mnunuzi ya kati ya asilimia 20 na 30, na baada yake kuna usafirishaji, bima na ushuru wa forodha. Ukitoa dau la 1,000 na ada ikawa asilimia 25, unadaiwa 1,250 kabla bango halijatoka mlangoni. Andika kikomo chako kwenye daftari kikiwa tayari na ada ndani yake.

## Hatua ya 9: Pokea na utunze

Bango likifika ndani ya bomba, liache chumbani siku nzima kabla ya kulifungua, ili karatasi izoee joto na unyevu. Lifungue taratibu juu ya meza, ukiweka vizito safi na laini pembeni. Likikataa kunyooka, lipe muda. Usilikunje kwa nyuma kulilazimisha, kwa sababu karatasi yenye asidi huvunjika kama jani kavu.

Mahali pazuri pa kulihifadhi ni droo pana, likiwa limelala kati ya karatasi zisizo na asidi, katika chumba chenye unyevu wa karibu asilimia 50 usiopanda na kushuka. Kama huna droo, lizungushie nje ya bomba nene lisilopungua sentimita 10 kwa kipenyo.

Ukitaka kulitundika, agiza kioo au akriliki yenye kichujio cha urujuanimno, na mtengeneza fremu aache nafasi ili karatasi isiguse kioo. Kichujio hakizuii mwanga unaoonekana, na huo pia hufifisha wino; makumbusho huweka kazi za karatasi chini ya mwanga wa luksi 50 hivi, ambao ni hafifu kuliko unavyodhani. Mimi hutundika bango kwa miezi mitatu au minne kwenye ukuta usiopigwa na jua, kisha hulirudisha droo na kupisha jingine.

Kila bango lipe ukurasa wake kwenye daftari: vipimo, mchapaji, ulichoona kwa lenzi, bei pamoja na ada, jina la muuzaji na nakala ya ahadi yake ya maandishi. Usiandike chochote nyuma ya bango lenyewe, hata kwa penseli. Fungua droo mara mbili kwa mwaka, ukague kingo kama zina vumbi la wadudu au madoa ya kuvu, na utakachokikuta kiandike kwenye ukurasa ule ule pamoja na tarehe.